Muhuri Ndani ya Ukuta

Unaniuliza, bwana Statilio, alikuwa na nguvu kiasi gani.
Umekuja na kibao cha nta na kalamu iliyochongoka,
wataka jibu la upana wa kiganja.
Keti. Pangusa benchi kwanza;
hapa tanurini kila kitu ni vumbi, hata mkate.

Andika: Vetulena Gala hakupiga kura hata moja.
Sakafu ya Seneti hakuikanyaga,
na siku mwanawe alipovikwa zambarau
alisimama nyuma ya wapiga tarumbeta,
mfupi, akizuia kikohozi.
Hilo ni kweli. Lipigie mstari.

Sasa andika na hili.
Nilikuwa mtumwa wake, mwandishi wa barua, miaka kumi na tisa.
Kabla ya jogoo ukumbi ulikuwa umefurika:
mwenye kesi ya urithi, mwenye mwana wa kuingiza jeshini,
gavana mtarajiwa wa Bitinia kakumbatia kikapu cha samaki
kama mchuuzi.
Hakumwahidi mtu. Alisema tu, "Nimesikia."
Nasi wa nyumbani tulijua neno hilo lina ngazi tatu:
akifumba macho, ni hapana;
akikuuliza jina la mama yako, ni labda;
akikuomba radhi kwa kukuchelewesha,
hiyo, bwana, ni jimbo zima.

Jioni, mwanawe akila, yeye huchambua kokwa za zeituni,
na katikati ya maneno ya mvua na bei ya mafuta:
"Yule Aufidieno bado yuko mpakani? Maskini, mkewe kajifungua."
Basi. Hata sauti hakuipandisha.
Mwezi haukuandama mara ya pili,
Aufidieno alikuwa kwake, anabembeleza mtoto.
Ni utawala huo, au ni mama anazungumza na mwanawe?
Mimi niliyekaa pembeni nimeshika kibao
sikuuona mpaka.
Mate na maji, nani atayatenga?

Tena kuna kiangazi ambacho mwanawe hakumsikiliza kabisa.
Alimpeleka Antio, nyumba ya ufukweni, "apumzike."
Asubuhi iliyofuata ukumbini tulikuwa mimi na mbwa.
Hata yule wa Bitinia alipita njia ya nyuma.
Nguo ya kuazima haisitiri matako:
siku hiyo nilimwona alivyo,
mwanamke wa miaka sitini anahesabu vigae vya sakafu.
Msimu ule wa baridi akarudishwa. Sikujua kwa nini.
Barua hiyo hakuniandikisha mimi.

Wala usimfanye malaika.
Nilimpigia magoti mara moja tu, kwa ajili ya ndugu yangu Hermadio,
aliyeuzwa kwenye machimbo ya fedha.
Alinisikiliza hadi mwisho, na mkono akanishika.
"Nimesikia," akasema.
Akafumba macho.

Jana mafundi wenu walipita sokoni na patasi,
wamelikwangua jina lake chini ya kila sanamu.
Kazi safi, marumaru inang'aa kama ufizi uliong'olewa jino.
Lakini ule ukumbi wenu ulioungua,
mlipoujenga upya mlinunua wapi matofali?
Tanuri hili lilikuwa lake.
Elfu arobaini yaliteremka Tiberi kwa mashua za mizigo,
na mimi mwenyewe, huru wa mwaka mmoja,
niliyapiga muhuri yakiwa bado mabichi:
nusu mwezi, na ndani yake, VETULENA.
Yako chini ya lipu, mgongoni kwenu, mnapojadili
kwamba hakuwahi kuwamo.

Sisemi ukuta unasimama kwa sababu ya jina.
Unasimama kwa udongo na moto.
Sijui nikupe kipimo gani, bwana Statilio.
Chukua hili moja, lipime mwenyewe;
polepole, katikati bado lina joto.

Na nta ikibaki,
hapo chini, pembeni, hata kwa herufi ndogo,
andika Hermadio.